Butembo: Jipe ya familia iliyonguruma bila kupanda mlima

Butembo, Kivu ya Kaskazini – Kwa familia nyingi zilizokimbia vita kusini mwa eneo la Lubero, gari si fahari. Ndani yake walisafiri watoto, magodoro, masufuria na vyeti vya shule. Ndiyo maana gari hilo likianza kusumbua, hofu inayoingia nyumbani inapita bei ya vyuma.

Familia moja ya mwalimu ilitoka Kirumba katikati ya mwaka 2024, wakati vita vilipopita Kanyabayonga. Ilifika Butembo na RAV4 ya zamani yenye bwate otomatiki. Baba hakupata tena darasa, basi jipe ikawa shamba lao: asubuhi anampeleka mama Musienene kuchukua viazi na makala, na usiku jirani mwenye mgonjwa anajua mlango wa kugonga.

Siku moja, kwenye mlima wa kurudi mjini, motere ilinguruma, mshale wa mizunguko ukapanda, lakini mwendo haukuongezeka. Kwenye tambarare gari lilishika tena. Kesho yake, mkono wa vitesi ukiwekwa kwenye D, gari lilingoja kwanza, kisha likaruka kama limesukumwa kwa nyuma.

Washauri hawakukosekana. Mmoja alisema motere imechoka. Mwingine alisema watafute bwate nyingine ya okazo, ambayo bei yake ilikuwa kodi ya nyumba ya miezi mingi. Wa tatu alitaka wamimine tu mafuta ya motere. Mama akasema afadhali kuliuza. Baba alinyamaza. Wote wawili walijua kwamba wakiliuza na vita vikisogea tena, safari hii watatembea kwa miguu.

Fundi waliyemwendea hakushika ufunguo wowote kwanza. Aliuliza maswali. Motere iliyochoka, aliwaeleza, hainguruma kwa nguvu huku gari limelala. Inakosa nguvu yenyewe. Lakini motere ikizunguka sana na magurudumu yasifuate, nguvu inapotea katikati, ndani ya bwate.

Halafu akapima mafuta ya bwate. Gari lilisimama mahali sawa, motere ikiwaka na ikiwa imepata moto. Alipitisha mkono wa vitesi polepole kila mahali, akaurudisha kwenye P, akachomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa, akakirudisha na kukichomoa tena. Mafuta hayakufika hata kwenye alama ya chini. Aliyapaka kwenye karatasi nyeupe, akayanusa. Mafuta mapya huwa mekundu na yanapitisha mwanga. Haya yalikuwa yameanza kuwa ya kahawia, na harufu ya kuungua ilikuwa ndogo. Yangekuwa meusi yenye harufu kali, sahani za ndani zingekuwa zimeungua sana. Yangekuwa kama maziwa, maji ya radiata yangekuwa yameingia.

Hapo mtoto wao akasema kwamba kila asubuhi anaona doa jekundu chini ya gari. Wakubwa walidhani ni uchafu wa barabara. Fundi alilala chini, akakuta mpira unaopeleka mafuta ya bwate kwenye radiata yapoe. Ulikuwa umepasuka karibu na kibano chake.

Katika bwate otomatiki, mafuta hayalainishi tu. Ndiyo yanayosukuma na kubana sahani ili nguvu ya motere ifike kwenye magurudumu. Yakipungua, gari likiinama mlimani, pampu inavuta hewa, nguvu ya kubana inashuka, sahani zinateleza. Zikiteleza zinapata moto, na zikipata moto zinaungua. Ndiyo hatari ya kuendelea kukanyaga mafuta ukitumaini litashika.

Fundi alibadilisha mpira na vibano vyake. Alifungua bakuli la chini ya bwate na kutazama sumaku zilizomo. Alikuta unga laini wa kijivu, jambo la kawaida kwa gari la zamani. Vipande vya chuma vingekuwa habari nyingine. Aliweka filta mpya na mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kijiti, si ya motere. Akapima tena gari likiwa na moto.

Mlimani, gari lilipanda. Lakini lilipopata moto sana, kitesi kimoja kilichelewa kidogo kuingia. Fundi hakuficha: “Papa, sahani zimeanza kulika, na mafuta hayazirudishii upya. Mkipunguza mzigo zitawasaidia bado. Hadi lini, siwezi kuapa.”

Kwa wenye magari kama hilo, kuna mambo ya kukumbuka. Mafuta ya bwate yakiwa kamili na safi, na gari bado linateleza, mtafute fundi mwenye mashini ya kusoma makosa. Huenda ni vali ya umeme ndani ya bwate. Lakini namba itakayotokea inaonyesha tu mahali pa kupima, si kifaa cha kununua mara moja. Baadhi ya magari hayana kijiti. Hayo yanapimwa na fundi kwa chini. Gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Wala lisivutwe mbali kwa kamba magurudumu yakizunguka, kwa sababu motere ikizimwa pampu ya bwate haifanyi kazi, na vya ndani vinasagana bila mafuta. Lipakizwe juu ya lori.

Mama amepunguza magunia mawili kwa kila safari ya Musienene. Faida imeshuka, na kwa mwezi anaihesabu kwa uchungu. Neno la kuuza halijatoka kabisa nyumbani humo. Ila kila jioni jipe inaegeshwa ikitazama barabara, na asubuhi mtoto anainama kuangalia chini yake kama pamekauka.