Usukani wa Uzeeni

Kiinua mgongo changu nilikigeuza gari: Toyota RAV4 la mtumba kutoka Japani. Ndugu walinishauri nijenge vyumba vya kupangisha. Mimi nilitaka kumfikisha mke wangu kliniki pasipo kumgombanisha na ngazi za daladala kwa magoti yake yale.

Kiti kiko usawa wa kiuno: huketi tu, hapandi wala hainami. Mafuta linakunywa, sikatai.

Kila niliwashapo, sauti ya kike hunena Kijapani. Nami niliyesahihisha Kiswahili cha wengine maisha yangu yote, husikiliza kimya kama mwanafunzi mgeni.

Lakini usukani naufahamu. Neno hilo lilikuwa la jahazi kabla ya gari. Basi mimi ni nahodha, na abiria wangu ni mmoja.