Mafuta Yanayojificha Masika

Kabla hatujatoboa kisima hata kimoja cha uchunguzi, niliomba daftari la matangi. Yadi ile ya malori, kandokando ya Mto Mzinga, Morogoro, ilikuwa na pampu yake ya kujazia magari na matangi mawili ya chuma yaliyofukiwa, la dizeli na la petroli. Kila asubuhi mtunza stoo alizamisha kijiti, akasoma alama, akaandika. Upungufu ulikuwa mdogo, lakini haukukosa wiki. Pembeni yake paliandikwa "mvuke", na mvuke ulipoanza kutia shaka, paliandikwa majina ya madereva. Walikatwa mishahara kwa mafuta yaliyokuwa yakinywewa na ardhi. Tulipofukua tulikuta matangi mazima. Kilichooza ni maungio ya bomba liendalo kwenye pampu. Katika kazi hii ya kusafisha ardhi iliyovujiwa mafuta nimeona hivyo mara nyingi: watu hulitazama tangi, mafuta yanatokea kwenye maungio.

Chini ya uzio, mteremkoni, aliishi bibi mmoja wa Kiluguru mwenye kisima kifupi cha kuchota kwa ndoo. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kata. "Nusa, mwanangu. Nikipikia haya, nyumba nzima inanuka koroboi." Wataalamu wa mjini walikuwa wamemwambia alete maji maabara kwanza. Mimi nilimwambia asiyanywe kuanzia siku hiyo. Pua ya mtu aliyekunywa kisima kimoja tangu aolewe ni kipimo cha kuanzia, hata kama mahakama haikitambui.

Mwaka 2019, Agosti 10, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, petroli ikawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Nchi nzima ililia, na ilistahili kulia. Ila tangu hapo, ukitaja mafuta yaliyomwagika Morogoro, kila mtu anafikiria moto. Yanayoshuka ardhini hayana moshi. Kule Thange, Makueni nchini Kenya, bomba lilipovuja mwaka 2015, mafuta yalifika mtoni na visimani mwa wakulima. Hapa kwetu Mto Mzinga unashuka kutoka Uluguru na kuingia Bwawa la Mindu, ambalo mji wa Morogoro unalitegemea kwa maji.

Hesabu moja niliyozoea kuwaandikia mameneja ubaoni ilikuwa hii. Shirika la Afya Duniani linataka benzini katika maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Chukua lita moja ya petroli ambayo asilimia moja yake ni benzini: benzini iliyomo inatosha kufikisha kwenye kikomo hicho zaidi ya lita 700,000 za maji. Wengi walinitaka nirudie kuhesabu. Nilirudia.

Tulianza na visima vitatu vya uchunguzi, kwa kuwa viwili havitoshi kukuonyesha maji ya chini yanaelekea wapi. Unapima kimo cha mdomo wa kila kisima kwa levo, unatoa kina cha maji, unapata mteremko usioonekana kwa macho. Nilitarajia yaelekee moja kwa moja mtoni. Yalipinda kwanza, yakafuata mkanda wa mchanga ulio chini ya udongo mwekundu, hadi kwa bibi yule.

Kuchota sampuli ni kazi ya adabu. Vichupa vya mililita 40 hujazwa mpaka pasibaki hata kiputo cha hewa, kwa sababu benzini huruka. Vinawekwa kwenye barafu, na pamoja navyo husafiri kichupa cha maji safi kisichofunguliwa njiani; hicho kikirudi na benzini, safari nzima imeharibika. Ndiyo maana nilikuwa mkali kuhusu jenereta yetu. Kijana aliyetoka kuijaza petroli hakugusa chupa zangu, hata awe ameoga.

Lakini jambo lililonigombanisha na watu ni masika.

Petroli na dizeli huelea. Kiangazi, maji yakiwa yameshuka, tulitumbukiza kipimo cha utepe: kikigusa mafuta kinalia mfululizo, kikigusa maji kinalia kwa kukatakata. Septemba kililia mfululizo. Aprili, mvua zikishapiga Uluguru na maji ya chini yakipanda, kisima kilekile kilitoa mlio wa maji tu. Mafuta hayakwenda popote. Maji yalipopanda yaliyafunika, yakabaki matone yaliyokwama kati ya chembe za udongo, yasiweze kuingia kisimani. Maji yakishuka, yanajikusanya tena.

Usafi wenyewe ulichosha kuliko ulivyokuwa mgumu. Tuling'oa matangi, tukachimba udongo mbaya, tukaurundika juu ya turubai, tukauchanganya na samadi na kuugeuza ili bakteria wapate hewa. Maji tuliyavuta kwa pampu tukayapitisha kwenye mapipa ya mkaa ulioamilishwa, ambao si ule wa kuchomea mahindi, na bei yake ilimfanya meneja akae chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mchafuzi alipe, kwa hiyo alilipa. Alilipia pia bomba la bibi yule, na kisima chake kikazibwa.

Mei iliyofuata meneja aliniita, taarifa mezani. "Mzee wangu, si umeona mwenyewe? Kisima kisafi. Tuvifukie visima vya uchunguzi." Nilimwomba tusubiri kiangazi. Alileta mtaalamu mwingine, mwenye tai, aliyeandika kwamba eneo limepona. Karatasi yake haikuwa na kina cha maji cha siku aliyochota. Nikakataa kutia saini yangu kando ya yake. Oktoba utepe ukalia mfululizo, meneja akiwa amesimama karibu, na pampu ikawashwa tena jioni hiyohiyo.

Tangu hapo safu ya kwanza katika taarifa zangu ni kina cha maji, pembeni yake kina cha kiangazi kilichotangulia. Matokeo ya maabara yanafuata nyuma. Wenzangu waliniambia nitafukuza wateja. Kweli, baadhi waliondoka, wakaenda kwa wale wanaochota Aprili.