Kobe Akipotea, Tumtambue kwa Lipi?



Ndugu wasomaji, mama zetu na dada zetu, juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo: kobe anayefugwa nyumbani, akitoroka, mwenyewe atamjuaje? Mbuzi huwekwa alama sikioni, kuku hufungwa kitambaa mguuni, paka huitwa kwa jina akaja. Kobe hana sikio la kutiwa alama, haji akiitwa, na akishavuka ua hufanana na kobe wote wa mwituni. Sisi ambao kazi ya kusomesha imetufikisha katika mji wa Machakos tumeliona suala hili likiwafika watu, na tumeona kwamba ndani yake mna suala la amana.

Kabla ya yote, tukumbushane sheria. Kobe wa nchi kavu walioko Kenya ni wanyamapori, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumweka nyumbani bila kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS. Anayemwokota njiani akamfungia uani, hata kama ni kwa huruma, hana haki naye, na alama zote tutakazozitaja hazitamfanya kuwa wake. Maneno yetu yawaelekea wenye kibali.

Nyumba moja tunayoizuru hapa Machakos inaye kobe wa namna hiyo, yule wa nyika mwenye madoa meusi juu ya rangi ya manjano. Mvua za Novemba zilipomega udongo chini ya wavu wa ua, kobe akapenya akaenda zake. Siku ya tisa zikaja habari kwamba mzee mmoja wa Kikamba, anayekaa upande wa Mutituni, ameokota kobe katika shamba lake la mahindi. Mama wa nyumba ile akatuomba tufuatane naye pamoja na watoto wake wawili.

Mzee alitupokea kwa ukarimu, akatoa viti chini ya mwembe, kisha akafunua tenga. Watoto walipomwona kobe wakapiga kelele kwa furaha: "Ndiye! Ndiye!" Mzee akacheka, akasema, "Basi mama, mchukue. Kitu kikirudi kwa mwenyewe hata sisi twafurahi."

Mama alikuwa amekwisha kuinama ili amnyanyue. Akasita. "Ngoja kwanza, baba," akasema, akatoa simu yake. Mwezi wa Agosti alikuwa amempiga kobe wake picha za mgongoni, ubavuni na tumboni, huku rula imelazwa kando. Kobe wake alikuwa na doa jeusi katika gamba la chini, karibu na shingo upande wa kulia, na ukingo wa gamba juu ya mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa umemeguka kidogo. Mzee akamwinua kobe kwa upole, tukatazama sote. Doa halikuwapo. Ukingo ulikuwa mzima. Rula nayo ikaonyesha kwamba kobe yule alikuwa mfupi kwa sentimita nne.

"Labda doa limefutika," akasema mtoto mdogo.

"Mjukuu wangu," mzee akamjibu, "doa la kobe halifutiki kwa siku tisa."

Mama akanyamaza kitambo, kisha akairudisha simu mkobani. "Si wetu," akasema.

"Mama, hata ungemchukua mimi nisingejua," mzee akamwambia.

"Ningejua mimi, baba."

Jioni ile mzee akamrudisha kobe kwenye vichaka vilivyo kando ya shamba, alikotokea. Sisi tukarejea mjini, na watoto walilia njia nzima. Kobe wao hajarudi hata leo.

Twamsimulia mama huyu kwa sababu wengi wetu tukisikia neno alama, hufikiri ni kitu cha kutusaidia kudai chetu. Alama ni shahidi, na shahidi mkweli huweza kusema dhidi yetu. Siku ile kila aliyekuwa chini ya mwembe alikuwa tayari kukubali, watoto kwa mapenzi, mzee kwa wema. Picha peke yake ndizo zilizokataa, na mama akazitii. Katika mafunzo ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, juu ya kitu kilichookotwa, aliyekiokota huamrishwa akijue vema chombo chake na kamba iliyokifunga, kisha akitangaze, ili anayekuja kudai aulizwe sifa zake. Kusema "ni kikubwa, kina madoa" hakutoshi, maana hiyo ni sifa ya maelfu.

Basi afanye nini mwenye kibali?

La kwanza ni picha. Mgongoni mwa kobe mna vipande vikubwa kumi na vitatu, vitano katikati na vinne kila upande, na pembezoni huzungukwa na vipande vidogo. Madoa na mistari yake hutofautiana baina ya kobe na kobe. Mpige picha kutoka juu, kila ubavu, na chini ya tumbo. Usimweke chali kwa muda mrefu, kwani huona dhiki. Kobe mchanga hubadilika sura akikua, hivyo picha zirudiwe angalau kila mwaka na ziandikwe tarehe.

La pili ni maandishi. Daftari la shule latosha: urefu wa gamba kwa sentimita, uzito kwa mizani, mahali palipomeguka, kovu, kucha iliyokatika. Andika pia kama ni dume au jike. Kwa kawaida dume akishakomaa huwa na mkia mrefu zaidi na gamba la tumbo lililobonyea. Namba ya kibali iandikwe humo humo.

La tatu ni chipu. Hii ni namba iliyotiwa ndani ya kidude kidogo kama punje ya mchele, ambacho daktari wa mifugo hukichoma kwa sindano chini ya ngozi, aghalabu katika mguu wa nyuma wa kushoto. Wengi hudhani chipu humwonyesha mnyama alipo kama simu. Sivyo. Haina betri wala haitumi habari. Hukaa kimya mpaka isogezewe kifaa cha kuisoma, ndipo itoe namba yake. Kwa hiyo haimzuii kobe kupotea, ila akipatikana humaliza ubishi. Kazi hii ni ya daktari, si ya fundi wa mtaani.

Rangi nayo hutumika. Katika kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja, wageni huwaona kobe wakubwa walioandikwa umri wao migongoni kwa rangi. Asili yao ni kobe wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Waliongezeka, kisha wakaibwa sana, hata kufikia mwaka 1996 wakabaki saba tu, ndipo ukafanywa ulinzi madhubuti. Rangi humsaidia mtazamaji, lakini mwizi aweza kuikwangua, basi isiwe tegemeo la pekee. Anayeitumia aweke nukta ndogo katikati ya kipande, asiguse mistari baina ya vipande, kwani hapo ndipo gamba linapokua.

Lililo baya ni kutoboa. Tumewaona kobe waliotobolewa ukingo wa gamba wakapitishwa kamba. Watu hudhani gamba ni kama ukucha uliokufa. Gamba ni mfupa ulio hai, wenye damu na mishipa ya fahamu, uliofunikwa juu kwa kitu mfano wa kucha. Kulitoboa kunamwumiza na kufungua mlango wa maradhi. Wenyeji wetu Wakamba tangu zamani walikuwa na chapa za koo zao, wakizitia kwa ng'ombe, mizinga ya nyuki na hata mishale, ili haki ya mtu isipotee. Katika dini yetu pia imepokewa kwamba Mtume aliwatia alama ngamia wa zaka, na papo hapo akakataza mnyama kutiwa chapa usoni. Alama ina ruhusa yake, na ruhusa ina mpaka wake. Ikiwa picha yatosha, maumivu ni ya nini?

Na kobe akishatoroka, tafuteni karibu kwanza: chini ya kuni, kwenye majani marefu, kando ya kuta, asubuhi jua linapoanza kupasha. Wajulisheni majirani wa pande zote, bila kubagua dini wala kabila, na ofisi ya KWS iliyotoa kibali. Lakini msitoe sifa zote hadharani. Semeni tu kwamba kobe amepotea, na alama moja au mbili za siri zibaki kwenu, za kumpima anayesema amemwona.

Ama ukimkuta kobe barabarani wala humjui mwenyewe, kumbuka jawabu la Mtume alipoulizwa juu ya ngamia aliyepotea: aachwe, kwani anayo miguu yake na maji yake. Kobe naye amebeba nyumba yake. Mvushe kuelekea kule alikokuwa akienda, umwache. Ukimwona ana alama ya mtu, au ameumia, waarifu KWS.

Mama yule wa Machakos amezitoa nakala za picha zake kwa majirani watano, na mzee wa Mutituni ni mmoja wao. Kila tunapokutana sokoni mzee hutuuliza kama yule mwenye doa la shingoni amepatikana. Nasi twamwomba Mwenyezi Mungu amrejeshe salama, na atujaalie sote tuwe na ujasiri wa kusema "si wetu" pale ambapo si chetu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.