Sifa ya Chombo

Neno "sifa" lina maana zaidi ya moja. Iko sifa tuijuayo sote, apewayo mtu kwa tabia yake au kwa kazi ya mikono yake. Iko na sifa nyingine, nayo ni mafuta ya papa, yenye harufu kali, ambayo mabaharia wa pwani hupaka mbao za vyombo vyao zisipasuke kwa jua wala zisinywe maji. Wanafunzi wangu hapa Mbale hucheka waisikiapo maana hii ya pili. Papa hawamjui, na bahari wengi wao hawajaiona. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba neno hili, pamoja na ndugu zake, lina kazi hata huku kwetu bara.

Mimi naishi Nkoma, mjini Mbale. Shemeji yangu wa Jinja ana mashua ichukuayo wageni kwenda kutazama mahali Mto Nile utokapo Ziwa Victoria, nami nina theluthi yangu katika mashua hiyo, iliyotokana na akiba ya mshahara wa ualimu. Ubavu wake ni wa mvule, lakini sakafu ya juu, viti na mbao za ukingoni washikazo abiria ni za msaji. Tuliinunua iking'aa kama kioo. Ulipopita msimu mmoja wa mvua, vanishi ilianza kubambuka kama ngozi ya nyoka, na chini yake mbao zikaonekana zina madoa meusi. Walioipaka kabla yetu walikuwa wamepaka juu ya mbao zilizolowa, ili mashua iuzike upesi. Ubao mmoja wa ukingoni ulikuwa umeoza ndani huku juu yake ukimeremeta.

Shemeji alitaka ipakwe upya siku ile ile, kwa kuwa wageni hupenda kinachong'aa. Fundi tuliyemwita kutoka Masese, mzee wa Kisamia aliyezeeka katika kazi ya mashua, akamjibu kwa upole, "Bwana, vanishi si blanketi. Ukimfunika mgonjwa hujamponya." Hapo ndipo ulipozuka mjadala ulionifunza mengi.

Msaji ni mti wenye mafuta yake wenyewe ndani ya ubao. Mafuta hayo ndiyo yaufanyao usioze upesi, na ndiyo sababu majahazi mengi ya Oman na ya Ghuba yaliundwa kwa msaji ulioletwa kutoka Malabari. Lakini mafuta hayo hayo huikataa vanishi isishike. Kwa hiyo atakaye kupaka hana budi kwanza aukaushe ubao barabara, aupige msasa, kisha aupanguse kwa kitambaa chenye tapentaini au asetoni ili kuondoa mafuta ya juu. Mkono wa kwanza wa vanishi huzimuliwa uwe mwepesi upate kupenya. Mikono mingine hufuata, mitano au zaidi, na kila mmoja ukikauka hupigwa msasa kidogo kabla ya kuja mwingine. Kazi hii haifanywi mawingu ya alasiri yakikusanyika, wala umande ungali juu ya ubao.

Hata ikifanywa vyema, haiishi. Jua la Jinja, karibu na ikweta na juu ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, ni kali. Miale yake hupenya vanishi iliyo angavu na kuvunja kile kiunganishacho nyuzi za mbao, hata vanishi ikakosa mahali pa kushika. Ufa mdogo ukitokea, maji huingia na kukaa. Hapo ndipo methali yetu ya ufa na ukuta ipatapo maana kamili: mkono mmoja wa vanishi kila baada ya miezi michache ni rahisi kuliko kukwangua yote na kuanza upya.

Wapo wapendao mafuta badala ya vanishi. Mafuta hayabambuki, ila yataka kurudiwa mara kwa mara, na mafuta ya kitani mahali penye unyevu hulisha kuvu, mbao zikawa nyeusi. Tena vitambaa vilivyolowa mafuta hayo visirundikwe pembeni, kwani huweza kupata joto na kuwaka vyenyewe bila ya kiberiti.

Njia ya tatu ni kuuacha msaji mtupu. Rangi yake ya dhahabu hugeuka kijivu kama fedha, na wengi hudhani umekufa, kumbe kijivu hicho ni cha juu tu. Huoshwa kwa maji ya ziwa na brashi laini, nayo hupitishwa kukata nyuzi. Ukisugua kwa nguvu kuzifuata, zile laini hung'oka na ubao ukabaki na mifereji.

Tulipatana hivi: sakafu iachwe tupu, na mbao za ukingoni, zilizo chini ya paa, zipakwe vanishi kwa utaratibu wa fundi. Ubao uliooza tuliubadili kwa mvule, ambao wafanyabiashara wa mbao huuita msaji wa Afrika ingawa si jamaa yake. Nao mvule si rahisi kupatikana, maana mivule mikubwa ya Busoga imepungua mno.

Walimu wenzangu, nimeyaeleza haya kwa sababu moja. Fundi yule aliujua ubao kuliko sisi sote, lakini alipotaka kutaja pamba itiwayo katika maungio ya mbao maji yasipite, alionyesha kwa kidole. Pwani kazi hiyo huitwa kalafati, na mchanganyiko wa mafuta na chokaa upakwao chini ya chombo huitwa deheni. Nilimpa maneno hayo, naye akayapokea kwa furaha, akayatumia siku ile ile na vijana wake. Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kiwe somo la lazima shuleni. Hayo ni mema, lakini yakikomea kwenye karatasi za mtihani yatakuwa vanishi juu ya mbao mbichi.

Sisi wenyewe husema "kupiga msasa" insha ya mwanafunzi. Wangapi huwaonyesha watoto jani la msasa lenyewe, likwaruzalo kama tupa? Tuwapeleke Masese, wakamwone fundi akilainisha ubao, nao waandike majina ya kila chombo na kila tendo. Palipo na pengo la neno tulizibe, na palipo na neno la wenyeji tulipokee.