Alang, kijiji ambako meli huenda kufa

Huenda umewahi kusimama kwenye kivuko cha Likoni ukaitazama meli kubwa ikiingia Kilindini. Je, ulijiuliza itaishia wapi ikizeeka? Gari bovu huachwa nyuma ya gereji likala kutu. Meli yenye chuma cha tani 20,000 haiachwi hivyo. Wenyewe huiuza kwa uzani, kama vyuma chakavu, na nyingi za aina hiyo zimemalizia safari mbele ya kijiji kimoja cha wakulima huko magharibi mwa India. Kijiji hicho ni Alang, katika jimbo la Gujarat.

Kwenda huko utapanda basi au garimoshi kutoka Ahmedabad hadi mji wa Bhavnagar, kisha uelekee kusini kilomita 50 hivi. Njiani utaona mashamba ya pamba, njugu karanga, mawele na vitunguu, na ng'ombe wenye nundu wakivuka barabara bila haraka. Hii ni nchi ya Kathiawar, asili ya familia nyingi za Kihindi za Mombasa, Nairobi na Kisumu, kwa hivyo usishangae ukisikia maneno kama "dukan", "gari" na "rotli" yanayofanana na ya nyumbani. Mtu aliyepita hapa kabla ya 1983 angekuta pwani tupu na wakulima wake. Mwezi wa Februari mwaka huo meli ya kwanza ilipandishwa ufuoni ikakatwe. Tangu hapo zimefuata maelfu.

Kabla hujafika baharini utajua umekaribia. Pande zote mbili za barabara ya Trapaj kumejaa maduka ya vitu vilivyotoka melini: magodoro, sahani kwa mamia, majokofu ya jikoni, milango, taa, maboya, hata mashua za kuokolea watu zikiwa zimepangwa juu ya vumbi mbali na maji. Wenye hoteli na vijana wanaojiandaa kuoa huja kutafuta bei nafuu. Utakuta pia kaunta za baa, nzuri kweli kweli, zikiuzwa katika jimbo ambalo pombe ni marufuku tangu lilipoundwa 1960. Fundi wa Kamukunji angeshinda hapa siku nzima na asichoke.

Lakini kwa nini Alang, wala si bandari kubwa yenye gati na kreni? Jibu liko katika maji. Mombasa wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka kwa mita 4 hivi. Katika Ghuba ya Khambhat tofauti hiyo hufika mita 10, na ufuo wenyewe unateremka polepole. Meli husubiri nje ikaguliwe. Siku ya bamvua ikifika na maji yakajaa pomoni, nahodha huelekeza omo nchi kavu, hutia injini moto wote na kuipandisha meli kwenye matope. Maji yakipwa, meli imekwama na haitoki tena. Mabaharia hushuka, hulipwa na kurudi makwao.

Ndipo kazi inapoanza. Mafuta hunyonywa kwanza, maana tangi lenye mvuke wa mafuta likiguswa na moto ni bomu. Samani hutolewa, halafu wakataji hupanda na mitungi ya gesi na oksijeni na kuanza kula meli kuanzia omo kuelekea tezi. Vipande vikubwa kama nyumba huangushwa matopeni, vikavutwa na winchi hadi juu, vikakatwa tena vidogo. Malori huvibeba hadi viwanda vya jirani ambako chuma huchomwa na kunyooshwa kuwa nondo za kujengea. Meli ambayo majuzi ilikuwa ikivuka bahari huweza kuwa ghorofa ya mtu.

Wanaofanya kazi hiyo si wenyeji wengi. Watu wa Alang waliendelea na mashamba yao, wengine wakafungua maduka au kukodisha vyumba. Wakataji na wabebaji ni vijana kutoka majimbo maskini ya mbali: Odisha, Bihar, Uttar Pradesh na Jharkhand. Wamesafiri siku mbili au zaidi kwa garimoshi kama vile vijana wetu wanavyotoka mashambani kwenda Nairobi, na fedha wanazopata huenda kwa wazazi. Kwa miaka mingi waliishi katika vibanda vya mbao na mabaki ya meli ng'ambo ya barabara, na wengi walifanya kazi na kandambili miguuni. Juni 2014 mlipuko katika meli moja uliwaua wafanyakazi 5. Kuna pia adui asiyelia: asbestosi, ile ile iliyoezekea nyumba nyingi za zamani hapa kwetu. Mtu huvuta vumbi lake leo na ugonjwa wa mapafu huja baada ya miaka 20 au 30, akiwa amesharudi kijijini kwao ambako hakuna anayeuhusisha na meli.

Hiyo asbestosi ndiyo iliyoirudisha nyumbani manowari ya Kifaransa, Clemenceau. Iliondoka Toulon mwishoni mwa 2005 kuelekea Alang. Watetezi wa mazingira walipiga kelele, suala likafika Mahakama Kuu ya India na mahakama ya Ufaransa, na Februari 2006 Rais Jacques Chirac akaamuru irudi. Hatimaye ilikatwa Uingereza. Mimi naona kisa hicho kiliwafunza wenye viwanja kuliko hotuba zozote.

Siku hizi utaona kofia ngumu na viatu vizito, sakafu za saruji katika viwanja vingi, na mgeni wa kazi hupewa mafunzo kwanza. India ilipitisha sheria ya kukata meli 2019, na Juni 26, 2025, Mkataba wa Hong Kong ulianza kutumika ulimwenguni, miaka 16 baada ya kuandikwa. Hata hivyo mkataba huo haukatazi kupandisha meli matopeni.

Shida nyingine ni kwamba meli zenyewe zimepungua. Mwaka wa fedha wa 2011-12 zilikuja zaidi ya 400. Miaka ya karibuni hazijafika 150 kwa mwaka. Bangladesh na Pakistan nazo zinazigombania, na mwenye meli humwuzia anayetoa bei ya juu. Kiwanja kikikaa bila meli, kijana wa Odisha hulipwa siku alizofanya tu, hufunga mkoba wake na kwenda kusubiri simu kutoka kwa msimamizi wake.