Nilichokipita Kila Bamvua

Bahari niliijua kabla sijajua kusoma. Nimezaliwa pwani ya mashariki ya Unguja, ambako maji ya bamvua yakitoka hutoka kweli, na wanawake na watoto huteremka na vikapu kutafuta pweza na chaza. Mama alinifundisha kutambua tundu la pweza kwa makombe yaliyotupwa mlangoni. Kwa hiyo ninaposhuhudia kwamba tangi la samaki lililoko sebuleni kwangu mjini Leicester ndilo lililonionyesha bahari ya kwetu, sitii chumvi.

Kwetu bahari ilikuwa riziki. Kilicholiwa au kuuzwa tulikijua sura, tabia na msimu wake. Kisicholiwa tulikipita. Katika vilivyopitwa walikuwamo anemoni wakubwa, laini, waliojitandaza kama busati kwenye mchanga kati ya nyasi za baharini. Wakubwa walituonya tusiwaguse kwa kuwa wananata na kuwasha. Hayo ndiyo yote niliyoyajua juu yao mpaka nikawa mtu mzima, mama wa watoto, ughaibuni.

Tangi nililipata kwa mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa akihama nchi. Ndani yake mlikuwa na anemoni-zulia mmoja, wa aina ambayo wataalamu huiita Stichodactyla haddoni, na samaki wawili wa Amphiprion clarkii, weusi na manjano wenye mistari myeupe, waliozaliwa katika kituo cha kuzalishia samaki. Niliitikia kwa sababu ya harufu ya maji ya chumvi. Nilikuwa sijainusa siku nyingi.

Anemoni yule nilimtazama kwanza kwa uvivu, kisha kwa mshangao ambao haujaniisha. Ni mnyama, ingawa amekaa kama mmea. Mdomo wake uko katikati ya zulia, na taka zake hutoka kwa mdomo huohuo. Chini ana mguu mmoja uliozama kwenye mchanga mnene na kushika sakafu ya tangi. Ukimsumbua, hujivuta mwili wote akapotea mchangani, ukadhani umeibiwa. Minyiri yake ni mifupi na imesongamana, na kila mmoja umejaa seli za sumu. Samaki mgeni akimgusa hanasuki. Nampa kipande cha kamba mbichi mara mojamoja tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya chakula chake hutengenezwa ndani ya mwili wake na mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, unaoishi humo na kutumia mwanga kutengeneza sukari. Ndiyo maana anadai taa kali. Akipoteza mwani huo hubaki mweupe, na asipoupata tena hudhoofika hadi kufa. Jambo hilohilo huwapata anemoni na matumbawe baharini maji yanapopata joto kupita kiasi, kama ilivyotokea Bahari ya Hindi mwaka 1998 na tena 2016.

Na wale samaki wawili? Hulala katikati ya minyiri hiyo yenye sumu. Ute wa miili yao huwakinga, lakini hata wao hawajitupi tu: samaki anayemzoea anemoni mpya humgusa kwa mkia, kisha kwa tumbo, akarudi nyuma, akagusa tena, mpaka akubaliwe. Baada ya hapo huwa ulinzi wa pande mbili. Anemoni huwakinga na samaki walao nyama. Wao huwafukuza samaki wanaomdonoa, na uchafu wao hurutubisha mwani wake. Mkubwa ndiye jike. Wote huanza maisha wakiwa madume, na jike akifa, dume lake hugeuka kuwa jike. Siku niliyomweleza mama hayo kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Subhanallah. Na sisi tukiwapita."

Kumtunza anemoni si kazi ya mikono mingi. Anataka maji yasiyobadilika: joto la nyuzi 26 hivi, chumvi ya kipimo cha 1.025, naitreti kidogo. Mdomo wa pampu nimeufunika, maana anemoni akiamua kuhama anaweza kunyonywa akachanika, na akifa akaoza anaweza kuua kila kilichomo tangini. Nikishapima maji na kuyaona yako sawa, kazi yangu ni kumwacha.

Anaweza kuishi muda mrefu kuliko mimi. Mwaka 1828 mtaalamu wa viumbe John Dalyell alimchukua anemoni mdogo wa mwambani katika pwani ya Uskoti; Dalyell akafa mwaka 1851, na anemoni yule, aliyeitwa Granny, akaendelea kuishi Edinburgh mpaka 1887, akipita mkono kwa mkono. Yule ni wa aina nyingine na wangu ni zulia, lakini binti yangu nimeshamwonyesha namna ya kuchanganya maji ya chumvi.

Nilipokwenda nyumbani niliteremka bamvua pamoja na mama. Kwenye dimbwi moja nilisimama. Zulia lilikuwa limetanda, na juu yake samaki weusi wadogo wenye madoa meupe walikuwa wakizama na kuibuka.

"Mwanangu, umeona nini hapo?"

"Wenyewe wa hapa, mama."

Akaja, akainama, akatazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akauchomoa mti wake wa kuchokolea pweza, akazunguka mbali.

Anemoni-zulia wanaouzwa madukani karibu wote wametolewa baharini, kwa kuwa ni nadra sana kuzalishwa matangini, na anayeondolewa huacha samaki wake bila makazi. Wangu simwachi, wala siwezi kumrudisha, kwa kuwa mnyama wa tangini anaweza kupeleka maradhi baharini. Lakini nawe unayeanza tangi, subiri litulie mwaka mzima kwanza. Kisha nunua samaki waliozaliwa kituoni, na utafute anemoni wa minyiri yenye ncha za mviringo, ambaye hujigawa na kuzaana ndani ya matangi. Ukitaka zulia, mpokee aliyekosa mlezi. Nanyi wenzangu mnaoteremka na vikapu, mkimkuta, zungukeni.