Mama na Raba Zake

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mamangu mzazi, mwaka jana, alikuwa hawezi kuinama. Kamba za raba zake nilizifunga mimi, nimepiga goti sakafuni, naye ameketi kitandani akitweta. Mpenzi msomaji, usicheke.

Mambo yalianzia kliniki. Daktari alimpima presha, kisha akamzungushia tepu kiunoni, ikasoma sentimita 104. Akamweleza kwamba kwa mwanamke, kiuno kikizidi 88 moyo uko hatarini, na kwamba mafuta ya tumboni yana madhara kuliko ya mapajani. Asikimbie wala asiruke. Atembee tu kwa haraka, dakika 30, siku 5 kwa wiki. Hizo ndizo dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitaja mwaka wa 2020 kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima. Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Mama ni mpenzi wa taarabu; hilo la kuimba lilimsikitisha zaidi ya presha.

Sisi twakaa karibu na kivuko cha Likoni, upande wa kisiwani, kwa hivyo uwanja wetu ukawa Mama Ngina Drive. Nikitoka shule jioni navua sare, twashika njia. Anayepajua pale anajua jioni palivyofurika watu, na muhogo wa kukaanga unavyonukia chini ya mibuyu, na ndimu na pilipili juu yake. Wanafunzi wenzangu nao wapo! Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo laniuma. Nilikuwa namtangulia Mama hatua ishirini, nikijifanya simjui. Ijumaa moja wavulana waliokaa ukutani walimwona, mmoja akapiga kelele, "Trela hilo, pisheni!" Wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Nilipogeuka, Mama alikuwa akinitazama.

Kesho yake raba hazikutoka chini ya kitanda. Wiki nzima.

"Miguu yaniuma," alisema. Nilijua si miguu.

Nilimwomba radhi nikilia. Hakusema neno, alininyoshea mguu nimfunge kamba. Tangu siku hiyo nikawa natembea ubavuni pake, na ili asihesabu dakika, namsimulia tuliyosoma darasani. Nilimweleza kwamba misuli ikifanya kazi kwa muda huyaunguza mafuta kwa oksijeni, na kwamba wataalamu wa Australia walionyesha mwaka wa 2014 kuwa kilo 10 za mafuta zikiisha mwilini, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama kaboni dayoksaidi, na 1.6 zilizobaki hugeuka maji.

"Kumbe mafuta yangu nayapulizia feri!" akasema. Tulicheka mpaka tukasimama.

Baada ya miezi minne mizani ilimvunja moyo: kilo 4 tu. Lakini tepu ilisoma 99, na presha ilikuwa imeshuka, ingawa vidonge bado anameza. Majirani nao wakaanza. Kwetu mwanamke akikonda hakukosi kisa. "Mbona wakonda hivyo, mume kaongeza mke?" Mwingine akamnong'oneza aende akapimwe damu. Ajabu ya watu! Alipokuwa mnene walimcheka, alipopungua wakampa pole. Usiku ule Mama aliniuliza kama aache. Yale ya ukutani niliyasababisha mimi, sikuona kama nina haki ya kumshauri mtu. Nilinyamaza. Kesho yake jioni nilimkuta mlangoni amekwisha kuvaa raba, kamba kafunga mwenyewe, fundo moja limekaa upande.

Wale wavulana bado hukaa ukutani. Juzi mmoja alimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba bila kupunguza mwendo. Muhogo siku hizi twanunua Jumamosi tu, wa shilingi 20, na kazi kubwa ni kugawana.